Kidonda cha SS kinapona

Mjini Goma, mtu mwenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, akitokwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, hukumu yake hutolewa kabla hata hakijaoshwa: hakiponi. Muuguzi wa kituo cha afya huitamka kwa upole, shashi ikiwa mkononi. Mganga wa mitishamba huitamka baada ya majani yake kushindwa. Mchungaji huipitisha ndani ya maombi, akimwomba Mungu ampe mgonjwa uvumilivu badala ya kumwomba ampe mguu mzima. Nyumbani, wajomba na mashangazi huitamka siku ya kuhesabu fedha zilizokwisha kuteketea. Watu wasiopatana juu ya jambo lingine lolote wamepatana juu ya hili. Nasema wamekosea wote, na kosa lao linakula miguu ya vijana wetu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kidonda cha namna hii kitafunga. Vipo vinavyokaidi hata mbele ya madaktari bingwa wenye kila kifaa, na vipo vinavyofunga leo vikafunguka tena mwakani. Ninachokipinga ni ile hukumu ya jumla inayotolewa mapema, kwa mdomo mwepesi, ambayo ikishatolewa humwachisha muuguzi kufikiri, humwachisha baba kutafuta, na mwishowe humwachisha mgonjwa mwenyewe kuja.

Hukumu hiyo ina ushahidi wake, na ni haki kuutazama. Watu wameona kwa macho yao. Kijana anafika kituoni na kidonda chenye ukubwa wa sarafu. Kinamiminiwa dawa kali inayotoa povu. Kinanyunyiziwa unga wa kapsuli ya antibiotiki iliyopasuliwa. Anachomwa sindano siku tano au saba. Juu yake inawekwa shashi kavu, na shashi hiyo inakauka pamoja na majimaji ya kidonda mpaka vinakuwa kitu kimoja. Baada ya siku mbili anarudi, shashi inabanduliwa kwa nguvu, na ile ngozi changa iliyokuwa imeanza kutambaa kutoka ukingoni inang'oka pamoja nayo. Damu inatoka. Dawa ya povu inamiminwa tena. Miezi sita baadaye kidonda kimekuwa kipana kama kiganja, na kila mtu anatikisa kichwa. Lakini kilichothibitika hapo ni kwamba matibabu hayo hayaponyi. Hata kidonda cha mtu mwenye damu nzima kingechelewa kufunga kwa kubanduliwa namna hiyo, na huyu hana damu nzima.

Hapo ndipo kiini cha kosa kilipo. Tunakitibu kidonda hiki kana kwamba kilianzia kwenye ngozi, ilhali kilianzia kwenye damu. Chembe nyekundu ya mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtu mwenye SS huishi kama siku 10 hadi 20, kisha inapasuka. Mwili unakesha ukitengeneza nyingine na haufikii kiasi kinachotakiwa, ndiyo maana wengi wao wanaishi na hemoglobini ya 7 au 8 pale wenzao wanapokuwa na 13. Chembe zinazopasuka humwaga hemoglobini ndani ya damu, nayo inameza nitriki oksaidi, ile gesi ambayo mishipa midogo huitumia kujilegeza ili damu ipite. Mishipa inabana. Chembe zilizojikunja kama mundu zinakwama ndani yake. Sasa fikiria sehemu ya mwili iliyo mbali na moyo, yenye ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa bila mafuta ya kuilinda, ambako damu inapaswa kupanda juu kurudi ilikotoka: ni pale juu ya kifundo, upande wa ndani na upande wa nje. Mchubuko mdogo, kuumwa na mbu, kiatu kinachosugua, wakati mwingine bila sababu yoyote inayokumbukwa, na ngozi inafunguka. Ikishafunguka, damu inayopaswa kuleta vifaa vya kujenga inafika pungufu na imechoka.

Ndiyo sababu napinga pia wale wanaosema kidonda hiki ni karuho, yaani sumu ya kichawi, au kwamba mgonjwa alikanyaga dawa iliyotegwa mlangoni. Najua uzito wa maneno haya katika Kivu. Najua familia zilizovunjika kwa sababu yake, mke wa kaka aliyefukuzwa, jirani mzee aliyehamishwa mtaa. Simdharau mama anayetafuta sababu wakati mtoto wake anaoza akiwa hai. Mtu hawezi kukaa miaka bila jibu. Lakini ninamwomba atazame jambo moja. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu katika majarida ya kitabibu ya Magharibi. Mgonjwa wake alikuwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekwenda Marekani kusomea udaktari wa meno. Miongoni mwa mambo ambayo Herrick aliyaandika ni vidonda na makovu ya miguuni. Kule Jamaika, ambako daktari Graham Serjeant aliwafuatilia wagonjwa hawa kwa miongo mingi, takwimu za zamani zilionyesha hadi 7 kati ya 10 wamewahi kupata kidonda cha mguu. Mahali ni palepale: juu ya kifundo. Watu ni walewale: waliorithi damu hii. Adui gani wa ukoo angekuwa na mkono mrefu kiasi cha kufika Grenada, Kingston, Kisangani na Katoyi hapa Goma, akachagua kila mara watu wa damu moja na inchi zilezile za mguu? Chanzo ni urithi. Baba alibeba nusu, mama akabeba nusu, wote wawili wakiwa wazima, na katika kila ujauzito wao palikuwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mtoto mwenye SS. Hakuna shangazi wa kufukuzwa hapo, wala mama wa kulaumiwa peke yake.

Wauguzi watasema wao hawaamini karuho. Vema. Lakini wana imani yao nyingine ambayo gharama yake ni kubwa vilevile, nayo ni imani kwamba kidonda chochote kisichopona kina vijidudu ambavyo havijapata dawa yenye nguvu ya kutosha. Kwa hiyo wanapanda ngazi: ampisilini ikishindwa, ciprofloxacin, hiyo ikishindwa, sindano ya ceftriaxone, ikishindwa, wanachukua usaha kupeleka maabara, maabara inasema kuna bakteria, na ngazi inaendelea. Kila kidonda kilichokaa wazi kwa miezi kina bakteria. Wanaishi juu yake kama wanavyoishi juu ya ngozi yetu sote. Kuwakuta hakumaanishi kwamba ndio wanaokizuia kufunga. Antibiotiki ya kumeza au ya sindano ina kazi yake pale kuna maambukizi ya kweli: joto la mwili limepanda, uvimbe unatambaa, ngozi inayozunguka inang'aa na kuwa ya moto, usaha umeongezeka ghafla, au mfupa wa chini umeanza kuuma kwa namna mpya. Na hapa niongeze jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu havisemi vizuri: katika ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na mguu wa pili, angalia weusi uliozidi na mng'ao. Nje ya hali hizo, familia inauza mbuzi kununua dawa ambayo haina kazi pale, na bakteria waliobaki wanajifunza kuishinda.

Kuna lawama nyingine inayoniumiza kuliko hizo zote, kwa kuwa inamwangukia asiye na nguvu ya kujitetea. Ni ile inayosema mgonjwa hajitunzi. Ni mkaidi, amekosa miadi, kidonda kinanuka kwa sababu ya uchafu wake. Waulize wanaosema hivyo kama wamewahi kumpa dawa ya maumivu kabla ya kumfungua bendeji. Maumivu ya kidonda cha SS hayana uwiano na ukubwa wake. Kidonda cha upana wa vidole viwili kinaweza kumnyima mtu mzima usingizi kwa wiki, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyo chini yake inakosa hewa kama tishu nyingine zote. Halafu mtu huyo anawekwa juu ya benchi, shashi iliyoganda inavutwa, anapiga kelele, anaambiwa anyamaze yeye si mtoto. Mara ya tatu haji. Asingekuja yeyote kati yetu. Akiomba kitu kikali kuliko parasetamoli, anatazamwa kama mlevi wa vidonge. Wagonjwa wa SS wanaujua mtazamo huo tangu utotoni, kutokana na maumivu ya mifupa. Kidonda kinawaletea mtazamo huo mara tatu kwa wiki. Kulowanisha shashi kwa maji ya chumvi mpaka ijiachie yenyewe hakuhitaji mfadhili. Kumpa mgonjwa dawa ya maumivu nusu saa kabla hakuhitaji mradi. Ni uamuzi wa kumwona mtu.

Na huo unaoitwa uchafu? Ninaishi katika mji ambao maelfu ya nyumba hununua maji kwa bidoni, ukiwa umekaa kando ya ziwa lililojaa maji. Msichana mwenye kidonda kinachotoa majimaji usiku na mchana anahitaji maji mengi kuliko dada zake, naye ndiye asiyeweza kubeba bidoni. Anaficha mguu kwa soksi mbili na kitenge kirefu. Darasani anakaa karibu na dirisha, kisha siku moja haendi. Hii ndiyo hasara ambayo haiandikwi katika daftari lolote la afya: mitihani isiyofanywa, posa isiyoletwa, kazi ya dukani iliyopewa mwingine. Anayemwambia mtu huyo kwamba hajitunzi hajui ni kiasi gani cha nguvu kinatumika kila asubuhi kabla hajatoka nje ya mlango.

Sasa nifike kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo watu wema huitumia. Wanasema: tuko vitani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, hospitali zikajaa majeruhi wa risasi na mabomu mpaka wagonjwa wakalala chini kwenye varanda. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, dawa zikapanda bei. Kabla ya hapo mamia ya maelfu walikuwa katika kambi za Kanyaruchinya, Lushagala na Bulengo, na kipindupindu pamoja nao. Kabla ya hapo ilikuwa volkano ya Nyiragongo, Mei 2021, kama ilivyokuwa Januari 2002. Katika mji wa namna hii, wanauliza, nani ana nafasi ya kukaa na kidonda cha miaka minne ambacho hakimwui mtu leo?

Naiheshimu hoja hii kwa sababu wanaoisema wamefanya kazi usiku kucha mikono ikiwa na damu. Lakini wameigeuza juu chini. Vita haviondoi kidonda cha SS katika orodha, vinakizalisha. Angalia mtu mwenye SS anapokimbia Sake kwa miguu akiwa na godoro kichwani. Anatembea siku nzima, miguu inavimba. Analala juu ya mawe ya lava, na mawe hayo yanachana ngozi kama chupa iliyovunjika. Kila mtoto wa Goma ana makovu yake. Mbu wanamuuma, malaria inampata, na malaria kwa mtu wa SS inapasua chembe zilizobaki. Vidonge vya asidi ya foliki vimebaki katika nyumba iliyoachwa. Halali vya kutosha, hali vya kutosha, hanywi maji ya kutosha. Ukitaka kuandaa mwili upate kidonda juu ya kifundo, hutapata njia iliyokamilika kuliko hiyo. Aliyechubuka kambini na aliyepigwa risasi wote wameumizwa na vita hivihivi, isipokuwa mmoja anaumia polepole na jina lake haliingii katika taarifa.

Zaidi ya hayo, ni miji michache ya Afrika ya Kati yenye mikono iliyozoea vidonda kama Goma. Hili hatujivunii, maana tulilipata kwa msiba, lakini ni kweli. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na daktari wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn, na imefundisha madaktari na wauguzi kwa zaidi ya miaka 20. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, timu ya upasuaji ya Msalaba Mwekundu wa Kimataifa imefanya kazi bega kwa bega na wauguzi wetu kwa miaka. Wauguzi hao wanajua kuondoa nyama iliyokufa bila kugusa iliyo hai. Wanajua kidonda kichafu hakishonwi siku ya kwanza. Wanajua kufunika kidonda kibaki na unyevu, kutazama rangi ya nyama, kubandika kipande cha ngozi kwa wakati wake. Ujuzi ambao kijana wa SS anauhitaji unalala ng'ambo ya barabara kutoka kwake. Kinachomzuia kuupata ni kwamba kidonda chake hakikuingia kwa risasi, kwa hiyo anapelekwa kwenye mlango wa damu, na kule kwenye mlango wa damu wanajua upungufu wa damu lakini hawashiki vidonda. Mguu wake umeanguka katikati ya idara mbili.

Hakuna siri katika matibabu yenyewe. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, dawa kali zinaachwa. Kilichokufa kinaondolewa, maumivu yakiwa yametulizwa. Kinafunikwa kwa kitu kisichoganda, hata kama ni shashi iliyopakwa mafuta safi. Halafu kinakuja kile ambacho karibu hakifanywi: baada ya kuhakikisha mapigo ya damu ya mguuni yanasikika, mguu unafungwa bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, kwa mkazo ulio sawa, ili majimaji yasikae chini. Uvimbe ni adui mkubwa wa kufunga. Mgonjwa anapokaa, mguu unapandishwa juu ya kiti. Usiku upande wa miguu wa kitanda unainuliwa kwa tofali. Mara moja kwa mwezi kidonda kinapimwa, urefu na upana, na namba inaandikwa, kwa sababu jicho la mtu aliyekata tamaa halioni milimita 4 zilizofunga. Chanjo ya pepopunda inaangaliwa. Picha ya mfupa inapigwa kama kuna shaka. Serjeant aliandika mwaka 1970 kwamba zinki ya kumeza ilisaidia vidonda vya wagonjwa wake wa Jamaika. Ni tiba ya bei ndogo, na kwa mtu anayekula ugali na sombe mwezi mzima ina maana zaidi.

Hayo yote ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni damu. Mtu mwenye kidonda cha SS apimwe hemoglobini, apewe asidi ya foliki, alindwe na malaria, na kama damu imeshuka sana ijadiliwe kama aongezewe. Achunguzwe pia moyo na figo, maana watafiti wameona kwamba wanaopasua chembe kwa wingi ndio hao hao wanaopata vidonda na ndio wanaopata shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu. Kidonda kinatuonyesha nje kinachotokea ndani. Anayekiosha bila kusikiliza kifua cha mgonjwa amekosa habari kubwa zaidi.

Ipo pia haidroksiurea, na hapa nina ugomvi na baadhi ya madaktari wetu. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti uitwao REACH uliwafuata watoto 606 wa Luanda, Mbale, Kilifi na Kinshasa yetu hapa, ambako Léon Tshilolo na wenzake wa hospitali ya Monkole walishiriki, na matokeo yakachapishwa kuanzia Desemba 2018. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, kuongezewa damu kukapungua kwa theluthi mbili, na vifo vikapungua vilevile. Bado kuna daktari atakayemnyima mgonjwa dawa hii kwa kusema yenyewe huleta vidonda vya miguu. Hofu hiyo ina asili: ilitokana zaidi na wazee wenye magonjwa mengine ya damu, waliotumia dawa hii kwa miaka mingi. Kuihamishia kwa kijana wa SS wa miaka 17, ambaye kidonda chake kilitangulia dawa, ni kumwadhibu kwa ugonjwa wa mtu mwingine. REACH haikupima vidonda, ilikuwa ya watoto, na sidai kwamba haidroksiurea peke yake inafunga kidonda. Daktari mwangalifu atamfuatilia mgonjwa, na kidonda kikiibuka baada ya dawa kuanza ataifikiria upya. Lakini kufuatilia ni tofauti na kukataa kuanza.

Mtu makini ataniambia majaribio ya kisayansi juu ya vidonda hivi ni machache na madogo, na kwamba hakuna tiba iliyothibitishwa kuwa bora kuliko nyingine. Ni kweli. Na ni machache kwa nini? Kwa sababu hata kule kwenye maabara tajiri, ugonjwa wa Waafrika na uzao wao ulisubiri sana, na kidonda ndani ya ugonjwa huo kikasubiri zaidi. Ukosefu wa majaribio haukuwahi kuwa ushahidi kwamba jambo haliwezekani. Kuna mambo mawili ambayo hukumu yetu imeyachanganya, na yanapaswa kutenganishwa. Kidonda kisichofunga ni jambo moja. Kidonda kilichofunga kikarudi ni jingine. Vidonda vya SS hurudi mara nyingi, kwa kuwa kovu ni ngozi dhaifu na damu ni ileile. Lakini mtu aliyepata miezi kumi bila kidonda ameponywa kwa miezi kumi. Amekwenda shule miezi kumi. Hatumwambii mwenye malaria kwamba dawa ni bure kwa sababu mvua ijayo ataugua tena.

Chini ya haya yote kuna hukumu kubwa zaidi, ambayo hii ya kidonda ni tawi lake tu. Ni ile isemayo kwamba mtoto wa SS hafikii utu uzima. Kidonda cha mguu ni nadra kabla ya miaka 10. Ni ugonjwa wa wale waliovuka. Kwa hiyo kila hospitali iliyojipanga kana kwamba hawavuki haina pa kukiweka. Mgonjwa ana kadi ya watoto mpaka siku moja anaonekana ana ndevu, na hapo hana kadi yoyote. Kinshasa, watoto wachanga 31,204 walipopimwa katika utafiti uliochapishwa 2009, zaidi ya 1 katika kila 100 walikuwa na SS. Kwenye milima yetu ya Kivu chembe hii ni nadra kuliko kwenye nyanda za chini, na hilo limewafanya wahudumu wengi wa hapa wasiitafute. Lakini Goma ya leo imejaa watu wa Walikale, wa Beni, wa Kisangani, na watoto wao. Kadiri tunavyowaokoa wadogo, ndivyo vijana wenye vidonda watakavyoongezeka.

Wapo pia wasiojua kabisa kwamba wana SS. Kijana mwenye macho ya manjano na historia ya maumivu ya mifupa anaweza kuoshwa kidonda mwaka mzima bila mtu kufikiria damu yake. Kipimo cha Emmel kinahitaji tone la damu, kioo cha maabara na hadubini, na maabara nyingi za Kongo zinakijua. Hakitenganishi mwenye SS na mbebaji tu, kwa hiyo kikionyesha ndiyo, elektroforesi au kipimo kingine cha kuthibitisha lazima kifuate. Lakini kinafungua swali, na swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Muuguzi atanijibu kwamba hana muda. Foleni imefika barabarani, wenzake wawili wameondoka, mshahara haujaonekana. Namwamini. Ila yule mwenye kidonda cha miaka minne tayari anakuja kwake mara tatu kwa wiki. Saa hizo zimeshatumika na zitaendelea kutumika, kwa kubandua shashi kavu na kumimina dawa ya povu. Azitumie wiki ijayo kumpima hemoglobini, kulowanisha shashi kabla ya kuitoa, kupima upana wa kidonda kwa rula na kuufunga mguu wote mpaka gotini, kisha aandike namba aliyoipata, ili mwezi ujao mimi na yeye tuwe na kitu cha kubishania.